Ishirini na Moja kwa Kumi na Tisa

"Hiyo sufuria niliolewa nayo, Mugo! Niliolewa nayo!"

"Evalyne, nimesema nitakununulia ingine."

"Utaitoa wapi? Hii ni ile nzito ya zamani, si hizi zenu za kukunjika kama karatasi. Hebu angalia. Angalia matako yake!"

Evalyne wa nyumba namba tatu, muuza chapati, mwanamke ambaye sauti yake hufika barabara ya Namanga kabla yeye mwenyewe hajafunga mlango, aliinua sufuria juu ili ploti nzima ishuhudie. Na ploti nzima ilikuwepo. Watu walikuwa wamejaa uani kati ya tangi la maji na kamba za nguo, wengine bado wameshika chupa za soda, wakicheka na kupigana makofi ya mgongo. Sufuria ilikuwa na mabonde matatu chini. Mbele yake alisimama Mugo, fundi wa mageti, na spana iliyoyachimba mabonde hayo, jezi ya Kenya imemganda mgongoni kwa jasho.

"Mama, samehe leo," Musila, mwangalizi wa ploti, akaingilia. "Kenya imeshinda. Pointi mbili tu! Mbili!"

"Kenya ndiyo itakuja kunipikia maharagwe?"

"Nitaipeleka karakana niinyooshe," Mugo akasema.

"Nyoosha kwanza kichwa yako." Kisha Evalyne akashusha sauti, na Evalyne akishusha sauti watu hunyamaza, maana hapo ndipo penye habari. "Na si sufuria, baba. Sufuria ni sufuria. Umeona nani ametoka kwa hilo geti?"

"Nani?"

"Mgeni wa Nailantei. Mama yake. Ameshuka ngazi kama mtu amemwagiwa maji moto, viatu amebeba mkononi. Nimemsalimia, hata hajaniona."

Mugo akainua macho. Ghorofa ya kwanza, kwenye reli, Nailantei alikuwa amesimama na trei ya chai ambayo hakuna aliyeigusa. Alikuwa amevaa rinda jipya la zambarau, na shingoni ule mkufu mpana wa shanga ambao huutoa siku za heshima tu. Hakuwa akilia. Alikuwa akimwangalia kama anavyoangalia mteja mgeni aliyeingia dukani akasahau alichotaka.

Hapo ndipo Mugo alipokisikia, kwa mara ya kwanza, kile alichokuwa akikipaza muda wote ule huku akitwanga sufuria. Hakuwa ameita Kenya. Alikuwa ameita mtu, mara tatu, na mara zote tatu alikuwa amenyamaza kidogo katikati, akingoja kuitikiwa.

Kisemei oi! Kisemei oi! Kisemei oi!

Na Kisemei alikuwa na miezi minane kaburini.

*

Turudi nyuma kidogo, mwaka mmoja na nusu, hapa hapa Kitengela, siku ya soko. Duka la dawa za mifugo lilikuwa limefurika: wazee na fimbo zao, akina mama na vifaranga ndani ya maboksi, mtu mmoja amemshika mbuzi kwa pembe katikati ya mlango na hataki kusogea. Nyuma ya kaunta alikuwa Nailantei, koti jeupe, nywele fupi, kalamu sikioni. Mugo akapenya kwa bega kama mchezaji wa raga, na jezi ya raga ndiyo aliyokuwa amevaa.

"Naomba dawa ya kuhara."

"Mgonjwa ana kilo ngapi?"

"Sijui. Kama... moja na nusu?"

"Ng'ombe wa kilo moja na nusu?"

Wazee wakageuka wote. Mbuzi naye akageuka.

"Ni kuku. Kuku wa mjomba."

"Si ungeanza na kuku, Fundi."

Alijuaje kwamba ni fundi? Mugo aliliwaza swali hilo njia nzima hadi karakana, mpaka kijana mwenzake wa kazi akamwonyesha kwamba miwani ya kuchomelea bado ilikuwa kwenye paji la uso.

Kesho yake alirudi.

"Kuku amepona?" Nailantei akauliza bila kuinua kichwa.

"Alikufa."

"Pole. Sasa umekuja kununulia maiti dawa?"

"Nimekuja kuchukua namba yako. Kukitokea mwingine mgonjwa."

"Kuna mwingine?"

"Kuna mimi, Daktari."

Akaiandika namba nyuma ya pakiti ya dawa ya minyoo. Mugo ana hiyo pakiti hadi leo.

Basi yakaanza. Simu saa nne asubuhi: "Daktari, umekunywa chai?" Simu saa saba: "Fundi, umeunguza mkono wa nani leo?" Mugo akamtafutia Nailantei chumba kwenye ploti yao, ghorofa ya kwanza, juu ya chake kidogo kuelekea kushoto, na Evalyne akasema waziwazi kwamba kodi ya watu wawili wanaotumia jiko moja ni uharibifu, waoane tu. Nailantei akamshonea Mugo bangili ya shanga, nyeusi, nyekundu, nyeupe na kijani. Akamfunga mwenyewe mkononi, akaukata uzi kwa meno.

"Hii hautoi."

"Hata nikichomelea?"

"Hata ukizikwa."

Kisemei, mdogo wake Nailantei, alikuja kutoka Kajiado kumtisha. Ndivyo alivyojigamba nyumbani. Kijana mrefu, miguu kama ya swala, akaingia karakana na rungu mkononi.

"Wewe ndio Mugo?"

"Ndio mimi."

Kisemei akafungua mdomo amalizie hotuba, kisha akaiona runinga ndogo juu ya rafu ya misumari, timu ya raga ya Kenya iko uwanjani. "Hao ni Shujaa wanacheza?"

"Kipindi cha kwanza. Tuko chini."

Rungu likawekwa. Kisemei akakaa juu ya geti la mteja ambalo rangi yake haikuwa imekauka, na aliporudi Kajiado jioni alikuwa na mistari miwili ya kijani kwenye makalio na rafiki wa kufa kuzikana. Tangu siku hiyo, Kenya ikicheza, yeye huyo kwa pikipiki. Na Kenya ikishinda, hata kwa pointi moja, wao walikuwa na lao: Mugo anakimbia uani na sufuria yoyote iliyo karibu, anaigonga na kuita, "Kisemei oi!" Na Kisemei huko juu kwa reli ya dada yake anaitikia, "Mugo oi!" Mara tatu. Madirisha yanafungwa, watoto wanaamka, Evalyne anawatukana kwa Kikamba na Kiswahili.

Jumapili moja walikuwa watatu wakila kwa Nailantei, pilau na mbuzi, jasho likiwatoka.

"Kuleni vizuri," Nailantei akasema. "Fundi, siku utaenda kwetu usitegemee hivi."

"Kwani mama yako ni mchoyo?"

"Mama yangu ni wa zamani. Kwake mkwe hali mbele ya mama mkwe. Hata nyumba yake hauingii. Wewe utakaa huko nje na wazee, sahani italetwa huko huko. Mkikutana njiani, unainamisha macho unapita."

"Hata chai?"

"Hata maji. Ni heshima, usicheke."

"Na akiniita ndani, nile na yeye?"

Kisemei alicheka mpaka mchele ukamtoka puani. "Basi, buda, jua umegeuka ndugu yangu. Mtoto ndiye hula na mama yake."

"Na dada yako je?"

"Huyo tutamtafutia mwingine. Mwenye ng'ombe."

Nailantei akamtupia limau. Walicheka wote watatu, na hakuna aliyeliweka neno hilo akilini.

*

Mechi ya Aprili ilianza saa tisa. Saa tisa kasoro dakika chache, Mugo alipiga simu.

"Uko wapi, konokono?"

"Ndio natoka nyumbani. Niko barabarani." Upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu, Kisemei alikuwa ameichomeka ndani ya helmeti, kando ya sikio, kama wanavyofanya wote.

"Wanaingia uwanjani, Kisemei! Kanyaga hiyo kitu!"

"Wewe washikilie hapo. Wasianze bila mimi." Akacheka.

Halafu kukawa na sauti moja, si kubwa. Mugo alidhani simu imeanguka. Akaita kwa mzaha, "Kisemei oi!" Akaita tena. Mara ya tatu hakukuwa na mzaha tena, na aliendelea kuita, amesimama juu ya kiti, wimbo wa taifa ukiimbwa nyuma yake, mpaka mtu upande ule akaikata simu.

Baada ya nusu saa Nailantei alitoka chumbani kwake na simu yake mkononi na kiatu kimoja. Lori, njia panda ya kwao, ng'ambo ya Kajiado.

Mugo alimshika asianguke. Alifungua mdomo amwambie, na hakumwambia. Kwenye mazishi alibeba jeneza, akajisemea, nikirudi. Aliporudi akajisemea, akiacha kulia. Neno usipolisema siku ya kwanza, siku ya pili linakuwa na miguu mizito. Miezi ikapita, akamnawisha uso, akampikia uji, akalala akisikia ile sauti isiyo kubwa.

Na lile jina likatoweka. Mwanamke ambaye Kajiado nzima ilimjua kama Mama Kisemei akawa Mama Nailantei, siku moja tu baada ya mazishi, kama mtu aliyebadilisha nyumba. "Kwetu aliyeenda haitwi," Nailantei alimweleza Mugo. "Ukimtaja, sema yule wetu. Usilitamke kwa mama. Hata mimi nikiwa peke yangu silitamki."

Mwezi wa Desemba ndipo mama alipokubali kuja. Hakuja kuzungumza, alikuja kuangalia. Angekaa kwa bintiye, anywe chai, na yule kijana wa Kikuyu angepita uani mara moja, macho chini, mama amwone mwendo wake. Akimkubali, wazee wangeitwa.

"Kazi yako ni kupita tu, mpenzi," Nailantei alimwambia asubuhi hiyo, akimnyoosha kola. "Saa kumi na nusu. Pita polepole, usipige mluzi."

"Na Shujaa wanacheza saa kumi."

"Mugo."

"Nitaangalia kwa sauti ya chini. Mechi yenyewe ni dakika kumi na tano."

"Naapa wewe ungeoa mpira."

"Mpira haujui kupika pilau."

Alicheka, akampiga kifuani kwa kiganja. Huo ndio ulikuwa mzaha wao wa mwisho.

Watu kumi na wanne walijibana chumbani kwa Mugo. Musila alikaa juu ya mtungi wa gesi. Kenya walikuwa mbele, ishirini na moja kwa kumi na nne, na saa ya mchezo imekwisha, wakati Samoa walipopenya pembeni na kuukandamiza mpira chini nyuma ya mstari, pointi tano. Kumi na tisa. Ulibaki mkwaju mmoja. Ukiingia, ni sare, na kwa sare Kenya wanarudi nyumbani. Chumba kizima kikaacha kupumua. Yule Msamoa akaudondosha mpira, akaupiga, ukapaa vizuri sana, vizuri kupita kiasi, ukagonga mlingoti, ukarudi uwanjani ukidundadunda kama kuku aliyekatwa kichwa.

Kuna furaha ambayo haikuulizi. Mugo hakukumbuka kufungua mlango. Alikumbuka jua la jioni, sufuria iliyoanikwa ukutani, na mikono yake ikifanya walichozoea kufanya wawili.

*

"Mama anasema hiyo sauti anaijua," Nailantei alisema. Walikuwa wamesimama jikoni kwake, chai imepoa. Uani Evalyne bado alikuwa akiombolezea sufuria. "Siku ile alikuwa njia panda, anauza maziwa. Yeye ndiye alifika wa kwanza. Alikuta simu kwa nyasi, na ndani ya simu kuna mwanaume anaita. Hivyo hivyo. Hivyo hivyo, Mugo, mara tatu na kunyamaza. Miezi minane anauliza watu ile sauti ilikuwa ya nani. Polisi wakachukua simu, haijarudi. Niambie si wewe."

Mugo alishika ukingo wa sinki.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaongea na yeye."

"Nilikuwa namharakisha."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Umenishika nikilia. Nikikuuliza Mungu alikuwa wapi, ukaniambia nyamaza mpenzi. Na wewe ulikuwa hapo, kwa sikio lake."

"Niliogopa utaenda."

"Na sasa?"

Akavua mkufu, akauweka ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na nguo mbili, akafuata njia aliyopita mama yake. Dukani aliomba likizo. Mugo alipiga simu siku ya kwanza mara ishirini, siku ya pili mara kumi, kisha akawa anaangalia tu jina lake kwenye kioo bila kubonyeza.

"Na wala hamkushinda," Evalyne alimwambia siku aliporudisha sufuria iliyonyooshwa. Alisema kwa upole, kwa mara ya kwanza. "Nimeona marudio. Si nyinyi mlishinda. Ni yule mwingine alikosa."

Wiki ya tatu, simu ikalia akiwa juu ya ngazi.

"Fundi."

Alishuka. Ilibidi ashuke. "Daktari wangu. Umekula?"

"Usiniulize kama nimekula." Mbuzi walisikika kwa mbali. "Mama anataka uje Jumamosi. Uje na mzee wako."

"Amesema nini?"

"Hajasema. Tangu siku ile hasemi. Juzi ndio ameamka akasema, mwite yule wa simu."

"Na wewe, Nailantei? Wewe unanitaka nije?"

"Nimekupigia," akajibu. "Si nimekupigia?"

*

Mjomba Joram, aliyemlea Mugo, alivaa koti lake la kanisani na kofia ya manyoya licha ya jua la Kajiado. Walibeba blanketi mbili, sukari, na kondoo dume aliyelia safari nzima. Boma lilikuwa nje kidogo ya mji: nyumba ya mabati yenye rangi ya bluu, jiko la udongo kando, tangi la maji, na nyuma ya zizi, rundo la mawe ambalo Mugo alilijua kwa sababu alisaidia kuyapanga.

Waliwekewa viti vya plastiki kivulini pa tangi. Baba mdogo wa Nailantei alikaa na Joram, wakaanza kuulizana habari za mvua. Mama Nailantei akatoka. Shuka nyekundu, raba nyeusi za plastiki, masikio marefu bila hereni. Alikuwa amekonda.

"Takwenya, Yeyo," Mugo akamsalimu kwa Kimaasai, akimwita mama, macho chini kama alivyofundishwa.

"Iko," akaitikia, akasimama mbele yake. "Niangalie."

Akamwangalia.

"Wewe ndio ulikuwa kwa simu."

"Ni mimi, Yeyo."

"Mimi nilisikia kishindo nikaacha maziwa. Nikakimbia. Yeye hakuwa na sauti. Nikasema, labda kuna mtu mwingine, kwa sababu kuna sauti kwa nyasi. Ilikuwa simu. Simu inaita mtoto yangu." Alisema polepole, akitafuta maneno ya Kiswahili moja moja. "Kila siku najiuliza, huyu ni nani anaweza kumwita, na mimi mama yake siwezi?"

Hata wazee walikuwa wameacha mvua.

"Alikuambia nini? Mwisho."

"Alisema niwashikilie wachezaji. Wasianze bila yeye. Halafu akacheka."

"Alicheka?"

"Alikuwa anacheka, Yeyo. Hakuogopa. Hakuona kitu."

Yule mama akafunika uso na ncha ya shuka. Mabega yake yalitikisika mara mbili, tatu. Kisha akamgeukia shemeji yake na kumwambia kwa Kimaasai, na Mugo hakuhitaji mkalimani: mtoto alikuwa anacheka.

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Niliogopa nitampoteza Nailantei."

Yule mama akatingisha kichwa, si kwa hasira, akaingia jikoni, na moshi ukaongezeka kwenye paa.

Nailantei alikuwa amesimama penye ua wa miiba. Alikuwa amevaa sweta kuukuu la mtu mrefu kuliko yeye. Mugo akamwendea, akasimama hatua mbili mbali naye.

"Bado niko na hasira," Nailantei akasema.

"Najua."

"Nitakuwa nayo mpaka lini sijui. Lakini hii boma ni kimya sana, Mugo. Hata kelele zako nimezitafuta." Akaunyoosha mkono, akaishika bangili ya shanga, akaigeuza fundo likae chini. "Hukutoa."

"Si ulisema hata nikizikwa?"

Akacheka kidogo, ile pumzi tu ya kicheko, na ikawa kama mtu amefungua dirisha. Akamsogelea.

"Umemwona? Amelia. Hajalia mbele ya watu tangu siku ile. Ni vizuri, Fundi, ni vizuri. Sasa ngoja. Nimemsaidia kupika tangu asubuhi. Ukiona ametuma sahani huko kwa wazee, umepita. Utakula na mjomba wako, sitaki kuona ukiacha kitu."

"Na nikipita?"

"Aprili," akasema haraka, kama mtu aliyekuwa amelipanga siku nyingi. "Yule wetu atakuwa ametimiza mwaka. Aprili si mbaya."

"Aprili," Mugo akasema, na akaushika mkono wake mbele ya mbuzi wote.

Mlango wa nyumba ya bluu ukafunguka. Nailantei akageuka akitabasamu, akitazamia kumwona mama amebeba sinia.

Mama hakuwa amebeba kitu. Alikuwa ameuegemeza mlango kwa jiwe ubaki wazi, na ndani, kwenye sakafu iliyofagiliwa, ungeweza kuona kila kitu kutoka pale uani: sinia moja la wali na nyama, bakuli la maziwa mgando, na vigoda viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, vimekaribiana hadi kugusana. Kile kirefu kilikuwa na mistari miwili ya rangi ya kijani, rangi ya lile geti la mteja.

Mkono wa Nailantei ukapoa ndani ya mkono wa Mugo.

"Yeyo, hapana," akasema kwa sauti ndogo. Kisha kwa Kimaasai, haraka haraka, maneno mengi. Mama yake alimsikiliza hadi mwisho. Alimwangalia bintiye kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, wala hakulisogeza lile jiwe.

"Mugo!" Joram aliinuka kitini, uso wote umejaa meno. Kwao Murang'a mtu akiitwa mezani kesi imekwisha. "Unangoja nini, kijana? Tumekubaliwa! Nenda ule!"

Baba mdogo aliinamisha kichwa, akachora kitu mchangani kwa fimbo.

Mugo alitazama bangili. Akatazama rundo la mawe nyuma ya zizi, na yule mwanamke mlangoni, aliyekuwa amekonda, ambaye kwa miezi minane hakuwa na mtu wa kumwekea kigoda. Kama angekataa, angeondoka pale akiwa mtu aliyemnyima mwana mara mbili. Nailantei alilijua hilo kabla yake. Alikuwa tayari anauachilia mkono wake, kidole kimoja baada ya kingine, macho yakiwa chini, kama dada.

"Olayioni lai," yule mama akaita. Kijana wangu. Akasafisha koo, akaita tena, kwa nguvu, mpaka ng'ambo ya boma, kama mtu anayejaribu kitu alichosahau kwamba anaweza. "Mugo oi! Mwanangu, chakula kinapoa. Ingia tule."